Sakafu ya Mvule Kutoka Nyumba Iliyobomolewa

Chumba changu cha kusomea, hapa Tanga, kimetandikwa mbao za mvule zilizotolewa katika ghorofa ya juu ya duka la zamani lililobomolewa ili kupisha jengo la zege. Wageni wakiingia huuliza nimepaka vanishi gani. Swali hilo ndilo lililonifanya niandike, kwa sababu humo hamna vanishi, na hata ingekuwamo ingekuwa sehemu ndogo kuliko zote katika kazi hii. Sakafu ya mbao kuukuu hutengemaa au huharibika kabla kopo lolote halijafunguliwa: pale mtu anapochagua mbao, anapong'oa misumari, anapozisubiri zizoee hewa ya chumba, na anapoamua ni kiasi gani cha uzee wake akiondoe na ni kiasi gani akiache.

Sababu ya kuzihangaikia mbao za namna hii ni mti wenyewe. Mvule hukua kwa miongo mingi kabla ya kutoa ubao mpana usio na vifundo, na ile iliyopasuliwa kwa ajili ya nyumba za pwani zama za ukoloni ilikuwa miti mikubwa ya msituni ambayo mtu wa leo hawezi kuiagiza dukani akaletewa. Kilichojaa katika maduka ya mbao sasa ni msindano na mkaratusi kutoka mashamba ya miti, kama lile la Sao Hill kule Mufindi. Msindano huvunwa ukingali mchanga, ukiwa na pete pana za ukuaji na nyuzi laini. Unafaa sana kwa kenchi, lakini ukiukanyaga kwa kisigino kigumu huacha alama. Mtiki wa Longuza, hapo jirani Muheza, ni mbao nzuri kabisa, ila si wa kila mfuko. Mvule uliokauka una uzito wa takribani kilo 650 kwa mita moja ya ujazo, hautikisiki sana kwa unyevu wa bahari, na moyo wake mchwa hawaupendi.

Hata hivyo, si kila ubao uliopiga weusi ni mvule, na wauzaji wa mbao za bomoabomoa hutaja jina lenye bei kubwa. Njia niliyoizoea ni kukwangua kwa randa sehemu ndogo ya upande wa chini, ambako hakujapakwa chochote. Mvule uliokwanguliwa huonesha rangi ya manjano inayoelekea kahawia, nayo hugeuka kuwa ya kahawia iliyokolea baada ya kukaa mwangani. Mninga huwa na wekundu na harufu tamu kidogo, na ni mwepesi kufanyiwa kazi. Mkongo ni mzito zaidi, na ndani ya vitundu vyake mara nyingi huwamo ungaunga wa manjano ambao ukilowa unaweza kutia doa kwenye kitambaa. Mtiki una utelezi wa mafuta mkononi. Mtarakwa, ambao Wajerumani waliuvuna kule Shume katika Usambara na kuushusha kwa kamba ya chuma hadi reli ya Mkumbara, hautaki maelezo, kwa kuwa ukiukwangua chumba kizima hunukia penseli mpya, na penseli ndiyo mojawapo ya kazi ulizosakiwa.

Upande huo wa chini una habari nyingine pia. Michirizi iliyonyooka lakini isiyolingana, mmoja umeinama huku na mwingine kule, ni alama ya msumeno wa watu wawili, mmoja akisimama juu ya gogo na mwingine chini yake. Michirizi ya duara, iliyopinda kama kipande cha sahani, ni ya msumeno wa mviringo wa kiwandani. Katika mbao zangu zimo za aina zote mbili, jambo linaloonesha kwamba sakafu ile iliwahi kufanyiwa viraka. Nilishawishika kuzilaza mbao chache uso wake ukitazama chini ili michirizi hiyo ionekane juu, lakini fundi niliyekuwa naye, mzee aliyeanza kazi ya seremala tangu ujana, alinikatalia: «Wewe utaitazama, mwenzio ataikanyaga peku.» Nikamwachia.

Zipo mbao ambazo bei yake ikiwa rahisi kiasi gani hazifai kuingia ndani ya nyumba. Ya kwanza ni iliyopakwa oili chafu. Kwetu mtu akitaka kuzuia mchwa hukimbilia oili iliyotolewa kwenye injini, na ubao uliokunywa oili hiyo hautakubali gundi, mafuta wala vanishi, na utanuka kila jua linapoupiga. Ya pili ni mataruma ya reli na nguzo zilizoloweshwa kriosoti, dawa nyeusi ya kuhifadhi mbao; hizo zina sumu, na mahali pake ni nje. Ya tatu ni mbao zenye bungua, yaani mdudu atoboaye mbao, aliye hai. Matundu ya zamani hayatishi, kwani mara nyingi yako kwenye sehemu nyeupe ya pembezoni mwa gogo na yaliachwa zamani. Kinachotisha ni unga mpya. Ubao unaoshukiwa huulaza juu ya kitambaa cheusi, ukaugongagonga ili matundu yatoke unga wa zamani, ukafuta, kisha ukauacha kwa siku kadhaa. Ukirudi ukakuta unga laini umemwagika tena, ndani yupo mwenyeji. Mchanganyiko wa boraksi na maji unasaidia ubao usipokuwa na rangi wala nta, lakini mimi huukata tu upande mweupe wote na kuutupa.

Rangi nayo inataka tahadhari. Rangi za mafuta za zamani mara nyingi zilitiwa madini ya risasi, na mtu akizipiga msasa zikiwa kavu hujijaza mapafu na kuwamwagia watoto sumu sakafuni. Ubao wenye rangi ya zamani ama uukatae, ama uukwangue ukiwa umeloweshwa, nje ya nyumba, na makwanguo uyakusanye.

Kabla ya kusafirisha, jambo la karatasi. Chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, mazao ya misitu yanaposafirishwa hutakiwa kuwa na hati, na ofisa aliyeko kwenye kizuizi cha barabarani hana namna ya kujua kwa kutazama gari kwamba mbao zako zilivunwa kabla ya yeye kuzaliwa. Chukua stakabadhi ya muuzaji inayoeleza zimetoka jengo gani, kisha uulize ofisi ya Wakala wa Huduma za Misitu iliyo karibu kabla gari halijaondoka. Liko na suala lingine ambalo halina karatasi: mbao na milango ya kale ikipanda bei, nyumba za kale nazo hupata sababu mpya ya kuvunjwa. Mimi hununua pale tu ambapo jengo limekwisha kuanguka au kibali cha kulibomoa kimekwisha kutolewa, na sijawahi kuagiza.

Kazi yenyewe huanza na misumari. Sakafu za zamani zilipigiliwa misumari mingi, na mingine imekatika kichwa ikabaki imezama ndani. Msumari wenye kichwa hugongwa kutoka upande wa chini hadi kichwa chake kichomoze juu, kisha hung'olewa kwa nyundo ya kucha iliyoegemezwa kipande cha ubao ili isiuumize uso. Usio na kichwa huuvuta kwa koleo kutoka upande wa chini. Ukiulazimisha kutokea juu utabandua kipande cha uso pamoja nao. Katika kuzibandua mbao sakafuni, mtaimbo huingizwa karibu na boriti, si katikati ya ubao, na huinuliwa kidogokidogo kutoka boriti moja hadi nyingine. Ulimi wa ubao mkavu wa mvule, yaani ukingo mwembamba unaoingia kwenye mfuo wa ubao wa jirani, hukatika kwa papara ya mtu mmoja.

Baada ya hapo kila ubao hupitishwa sumaku pande zote mbili, na hapa hakuna cha kuharakisha. Watu wa mashine ya kuranda wana sababu nzuri ya kukataa mbao za bomoabomoa: kipande kimoja cha chuma kinatosha kuvunja makali ya kisu cha randa, na kisu hicho ni riziki ya siku nzima. Mvule unaongeza shida ya kwake, kwa sababu ndani ya mti huu huwamo vijiwe vigumu vya kalsiamu kaboneti, aina ileile ya chokaa, ambavyo sumaku haivioni. Fundi mwenye mashine akijua kwamba ni mvule hupunguza mwendo na kuranda kwa tabaka nyembamba. Basi mweleze mapema, umlipe zaidi ya bei ya msindano, na umkabidhi mbao safi. Ukimficha utapoteza mashine ya pekee iliyokubali kukupokea.

Mbao zangu ziliuzwa kama za moja kwa sita, yaani unene wa inchi moja na upana wa inchi sita. Kingo zilizokatika ulimi na mifuo iliyojaa uchafu wa miaka mingi vilipokatwa, ubao ulibaki na upana wa kama milimita 130, na baada ya kurandwa unene ukawa kama milimita 20. Ukifanya hesabu, mita 10 za mraba zinahitaji takribani mita 77 za urefu wa ubao wa namna hiyo, kabla ya kuondoa ncha zilizooza na zile zilizopasuka kwenye misumari. Kwa eneo hilo ningemshauri mtu anunue karibu mita 100. Anayenunua kipimo kamili atalazimika baadaye kutafuta ubao unaofanana, na hautapatikana.

Kuhusu kurithi ulimi na mfuo wa zamani, maoni yangu ni kwamba haifai kung'ang'ania. Kama robo ya ndimi zimekatika, nyoosha kingo zote kwa msumeno wa meza, uzilaze mbao kingo kwa kingo, na uzifunge kwa skrubu zilizozamishwa na kuzibwa kwa vizibo vya mvule huohuo. Vizibo hukatwa kutoka kwenye mabaki, na nyuzi zake zielekezwe kama nyuzi za ubao. Kisha vikipigwa patasi na msasa havionekani kirahisi.

Sakafu yangu imelala juu ya jamvi la zege, na jamvi la pwani lina unyevu hata linapoonekana kavu. Bandika karatasi ya nailoni yenye nusu mita kila upande juu ya zege, uzibe kingo zake zote kwa utepe, uitazame kesho yake: ikiwa chini yake kuna matone, au zege limebadilika rangi, subiri. Jamvi likiwa kavu hutandikwa nailoni nzima, kisha papi, yaani mbao nyembamba za kupigilia sakafu, zilizotiwa dawa ya mchwa, zikiachana kwa sentimita 40 hivi, ndipo mbao zifuate. Kwenye kuta zote huachwa nafasi ya kama milimita 10 ambayo skatingi, ule ubao wa chini ya ukuta, itaificha. Ubao hunywa unyevu wa hewa na kupanuka upande wa upana, si wa urefu. Sakafu iliyobanwa ukutani wakati wa kiangazi huinuka katikati mvua za masika zikifika. Kwa sababu hiyohiyo mbao zilizokwisha kurandwa hukaa ndani ya chumba chake kwa wiki mbili au zaidi, zimepangwa kwa kutenganishwa na vijiti, madirisha yakifunguliwa na kufungwa kama ilivyo desturi ya nyumba. Waliozoea kutandika siku mbao zinapoletwa huja kulaumu mti.

Sasa msasa. Mashine kubwa ya kusugulia sakafu ni adimu nje ya miji mikubwa, na sijutii kwamba sikuipata, maana katika mikono isiyozoea huchimba mabonde. Tulitumia mashine ya mkanda kwa msasa namba 60 pale ambapo ubao mmoja ulizidi mwingine, tukapita namba 80 chumba kizima, tukamaliza kwa namba 120 kwa mkono, tukifuata nyuzi. Kuruka namba hakuokoi muda: mikwaruzo ya 60 iliyofichwa na vumbi hujitokeza mara tu mafuta yanapogusa ubao. Wala hakuna faida ya kupanda juu zaidi ya 120 kwenye sakafu, kwa sababu uso ukiwa laini mno hunywa mafuta kidogo.

Vumbi la mvule si vumbi la kuchezewa. Linawasha ngozi na macho ya watu wengi, na wengine hubanwa kifua. Zaidi ya hayo, Wakala wa Kimataifa wa Utafiti wa Saratani uliliweka vumbi la mbao, la miti yote kwa jumla, katika kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu, na hiyo ilikuwa mwaka 1995. Kitambaa kilichofungwa puani hakitoshi. Barakoa ya kuchuja vumbi inayobana vizuri usoni, miwani, nguo za mikono mirefu na chumba chenye upepo unaopita ni gharama ndogo.

Katika hatua hiyo ndipo linapokuja swali la kiasi gani cha uzee kiondolewe. Kuna shule inayotaka ubao urudi kama ulivyotoka msituni, na kwa hiyo inasugua hadi kila doa liishe. Naiona kuwa hasara. Doa jeusi linalozunguka tundu la msumari limetokana na chuma kukutana na tanini, kemikali ya asili ya mti, penye unyevu. Asidi ya okzaliki ingelififisha, lakini tundu lingebaki, na tundu lisilo na doa lake huonekana kama kosa la fundi. Nimeziba matundu makubwa kwa unga wa msasa wa mvule uliochanganywa na gundi ya epoksi, ili uchafu usijae, na madogo nimeyaziba kwa nta iliyotiwa rangi ya giza. Nyufa za ncha nimezikata. Mbonyeo wa mbele ya pale palipokuwa na kaunta ya ghorofani, mahali ambapo watu walisimama miaka yote, nimeuacha ulivyo, ila mbao zenye mbonyeo huo nimezitawanya ili meza isiyumbe.

Kupaka ndiko kunakozungumzwa na wote, na katika mvule kuna jambo moja la kujua: mti huu una kemikali zake za asili ambazo huchelewesha mafuta na baadhi ya vanishi za mafuta kukauka, hata ukakuta uso unanata siku kadhaa baadaye. Mtiki una tabia ya jinsi hiyo pia. Dawa yake ni kufuta uso kwa spiriti muda mfupi kabla ya kupaka, na kwa anayetaka vanishi, kutanguliza tabaka jembamba la shelaki (vanishi inayoyeyushwa kwa spiriti) lisilo na nta. Kama sakafu ya zamani ilikuwa ikipakwa polishi, na mabaki yake hayajaisha, vanishi itajitenga kama maji juu ya jani; tone la maji likilala juu ya ubao uliopigwa msasa bila kunywewa, rudi kwenye msasa au utumie tapentaini.

Chaguo langu kwa chumba cha kusomea lilikuwa mafuta ya kitani yaliyotiwa vikaushio, tabaka nyembamba zilizopakwa kwa kitambaa, kila moja ikifutwa kabisa baada ya muda mfupi na kuachwa hadi ikauke kwelikweli, na mwishoni nta ya nyuki. Niliifanya kazi hiyo katika miezi ya baridi baada ya masika, kwa sababu hewa iliyojaa maji huyachelewesha mafuta ambayo mvule wenyewe tayari unayachelewesha. Mafuta ya nazi, ambayo kila mtu wa pwani ataulizia, hayafai, kwa kuwa hayakauki kamwe. Hubaki kama yalivyo, hukusanya vumbi na baadaye huchacha. Na vitambaa vya mafuta ya kitani visikunjwe na kutupwa kwenye pipa. Mafuta hayo yanapokauka hutoa joto, na kitambaa kilichofinyangwa kinaweza kujiwasha chenyewe bila kiberiti. Vitandaze nje kimoja kimoja hadi vikakamae, au uvizamishe ndani ya ndoo ya maji.

Ukumbini nimepaka vanishi ya poliyurethani, na sioni haya kusema kwamba huko ndiyo inayofaa. Tofauti ya vyumba hivyo viwili ni deki. Sisi tumelelewa kwamba sakafu haijasafishwa mpaka ndoo imwagwe, na sakafu ya mafuta haivumilii maji yanayotuama. Hupauka, na viungio huvimba. Vanishi ngumu humpa anayepiga deki nafasi ya kusahau. Ila mchanga wa pwani huikwaruza, na ikichubuka mahali pamoja huwezi kutia kiraka kisionekane, bali husugua ukumbi mzima. Sakafu ya mafuta, kwa upande wake, hutengenezwa palepale ilipoumia: msasa kidogo, mafuta kidogo, basi. Desturi yetu ya kuvua viatu mlangoni imezisaidia zote mbili kuliko kopo lolote. Chumba cha kusomea hufagiliwa kwa ufagio laini na kufutwa kwa kitambaa kilichokamuliwa hadi kikaribie kukauka, nami huongeza mafuta kila mahali panapoanza kupauka, hasa chini ya kiti na mbele ya mlango.

Gharama, kwa kuwa nitaulizwa: mbao zilikuwa rahisi kuliko mninga mpya wa kipimo hichohicho, lakini kung'oa misumari, kuranda na kusugua kulirudisha tofauti yote na kuongeza. Anayetafuta sakafu ya bei nafuu aweke vigae. Mabaki yangu marefu yamelala darini, yametenganishwa kwa vijiti, tayari kwa siku ubao mmoja utakapohitaji mwenzake. Mafupi yamekuwa vizingiti vya milango miwili na rafu moja jikoni, ambayo haijapakwa kitu.